Mkono wa Kushoto wa Bwana Shamba

Mgeni akiuliza nyumba ya Bwana Shamba, watu walimwambia aende tu mpaka aone mizabibu iliyonyooka. Yetu sisi wengine imelalia nguzo kama walevi waliorudi harusini. Ya kwake ilisimama mistari, na ikaendelea kusimama hata miaka ile ambayo yeye mwenyewe hakuweza kusimama wala kuinua kidole. Alipogolea kwa mdomo. Anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu katikati ya mistari, anasema kata hapo, nawe unakata. Ukikosea anakuita punda. Mimi ameniita punda kuliko mtu yeyote katika kata hii, na hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni neno nililolisema mimi, mchana, mbele ya watu, tena kwa sauti ya upole.

Nitafika huko. Mimi nikianza kuelekea mahali hupita kwingi. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nikitumwa chumvi narudi na habari za msiba wa kijiji cha pili, na chumvi sina. Shule niliishia darasa la tatu, ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu, kwa hiyo asiyependa maneno ya kuzunguka aniwie radhi.

Sijui Bwana Shamba alizaliwa mwaka gani wala babu yake alikuwa nani. Alishuka kwenye basi lililotoka Kondoa, ana sanduku la bati na mkasi wa kupogolea ulioviringishwa kwenye kitambaa cheupe. Serikali ilimleta atufundishe zabibu. Jina alikuwa nalo, zuri tu, la Kiislamu, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mkewe mbele za watu alimwita Bwana Shamba, na siku tunamzika, shehe alipolitaja lile jina lake, jirani yangu aliniuliza kwa kunong'ona, "Kwani huyu ni nani tena?"

Mafundisho yake yalikuwa machache na aliyarudia mpaka tukayaota. La kwanza: kushoto shika, kulia kata. Mkono wa kushoto unashika tawi ulitulize, wa kulia unakata, na ole wako ubadilishe. La pili: acha macho mawili. Yaani kwenye kila tawi uache vichipukizi viwili tu, vingine ukate, hata kama moyo unauma. Sisi Wagogo tumekulia njaa, mtu akiona tawi limejaa macho anaona chakula, hawezi kulikata. Yeye alikuwa anasimama nyuma yako na kusema polepole, "Tamaa hiyo, Mgogo. Kata."

Mimi aliniita Mgogo tangu siku ya kwanza, kana kwamba alikuwa amefika kijiji cha Wachina akamkuta Mgogo mmoja. Nami nilimwita Mrangi, kwa kabila lake, tukazoeana hivyo.

La tatu lilikuwa langu peke yangu, maana mimi ni mtu wa kuchelewa. Wenzangu wakimaliza kupogolea, mimi ndiyo kwanza natafuta mkasi. Alikuwa akifika shambani kwangu, anaangalia utomvu unavyodondoka kwenye tawi nililokata baada ya wakati wake, anatikisa kichwa. "Umechelewa," anasema. Kisha anaondoka, na akifika kwenye mpaka anageuka. "Lakini utavuna kidogo." Kila msimu hivyohivyo. Nilikuwa nasubiri ile sehemu ya pili kama mtu anavyosubiri kusamehewa, na hakuwahi kuninyima.

Sasa jambo la ajabu juu yake ni hili. Zabibu zetu nyingi zinakwenda kutengeneza mvinyo, hilo halifichiki, na yeye alikuwa mtu wa swala tano. Hakuonja hata tone. Watu walimchokoza sana. Yeye alijibu, "Mimi nimeletwa kufundisha tunda. Mtakalolifanyia tunda mtaulizwa nyinyi." Lakini huyohuyo, ukimletea glasi ya mvinyo, aliinyanyua kwenye jua, akaitazama rangi muda mrefu, akanusa kwa mbali, akasema, "Hizi zilichumwa mapema, mlikuwa na haraka ya ada za shule." Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kisha anampa glasi katekista wetu, ambaye siku hizo alikuwa hakosi kuwa karibu.

Alilalamikia salamu zetu. Alisema salamu za Kigogo zinakula mchana wa mtu, unaanza na mbukwenyi, unauliza watu, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, jua linazama hujashika jembe. Lakini alizijua zote kuliko vijana wetu, na hakukubali kupitwa bila kusalimiwa. Akiwa anafunga mizabibu alikuwa anauma kamba ya katani kwenye meno, mdomo hauna nafasi, basi alijibu kwa nyusi. Nyusi zake zilikuwa nene, zinapanda zote mbili mpaka kwenye kofia. Shikamoo Bwana Shamba: nyusi juu. Mmeamkaje: nyusi juu. Nichukue mkasi huu: nyusi juu. Watoto waliziigiza. Usizisahau nyusi hizo.

Aliumia njia ya Bahi. Alikwenda na pikipiki ya kazi kuwatazama watu wa mpunga, mvua ilikuwa imebomoa kalvati, akaingia na pikipiki yake yote. Kule hospitali kubwa walimwokoa, lakini shingo ilikuwa imevunjika. Kuanzia chini ya shingo hakusikia kitu na hakuweza kitu, isipokuwa bega la kulia lililobaki na uhai kidogo, anaweza kulipandisha kama mtu anayesema sijui. Bega la kushoto lilikufa kabisa. Alirudi kijijini akiwa na uso wake wote, sauti yake yote, ukali wake wote, na mwili uliokuwa kama umeazimwa.

Mkewe alikuwa na meza ya dagaa na viungo sokoni mjini, wala hawakuwa na namna nyingine ya kuishi. Alimwosha na kumlisha asubuhi, akarudi jioni akamlisha tena. Mchana ulibaki wazi. Mchana niliuchukua mimi.

Sikuombwa. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, siyo kwa kujisifu, na utaona lilikonipeleka. Nilikuwa nimefiwa na mke, watoto wako mbali, nyumba imenyamaza. Nilikuwa nakwenda kila mchana, naosha mikono, namega ugali wa uwele, nauzungusha, nauchovya kwenye mlenda, nampelekea mdomoni. Mlenda unavutika, kila mtu anajua, lazima ukate ule uzi kwa kidole kabla haujafika kidevuni. Nikawa fundi. Naye analalamika.

"Tonge hili ni la kumlisha fisi."

"Fungua mdomo, Mrangi."

"Kwenu mnakula hivi?"

"Kwetu anayelishwa hasemi."

Anacheka, mlenda unamtoka, nampangusa. Zilikuwa siku nzuri. Hapo ndipo penye kasoro. Kwangu zilikuwa siku nzuri sana.

Kanisani walinitaja. Mama mmoja alisimama kwenye matangazo akasema tunaye ndugu yetu ambaye amekuwa mkono wa jirani yake Mwislamu, na watu wakageuka kunitazama. Maisha yangu yote hakuna aliyegeuka kunitazama isipokuwa nimechelewa ibada. Watu njiani wakaanza kuniita Mkono. Mkono, unakwenda kwa mgonjwa wako? Nakwenda. Nilitembea nimenyooka. Sikumtakia mabaya, Mungu anajua, lakini kama mtu angeniuliza unataka apone, ningesema ndiyo, na chini ya ile ndiyo kulikuwa na kitu kimekaa kimya.

Ndipo akaja binti wa Chimwaga.

Alikuwa anasoma pale chuo kikuu, mambo ya mitambo, mtoto mwembamba, ana adabu, anapiga goti kidogo akisema shikamoo babu. Yeye na mwalimu wake walikuwa wameletewa mkono wa chuma kutoka nje, wa kufungwa kwenye kiti cha magurudumu, na walikuwa wanatafuta watu wa kuujaribu. Alikuja na bodaboda, mkono umefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

Alinieleza unavyofanya kazi, nami naeleza kama nilivyoelewa. Msuli ukikazwa, hata kidogo, hutoa umeme mdogo sana, haumpigi mtu wala hauwashi taa. Unabandika vibandiko juu ya ngozi na vibandiko vinausikia, kama unavyoweka sikio kwenye mzinga kujua kama nyuki wamo. Waya unapeleka habari kwenye kisanduku, kisanduku kinauamuru mkono. Habari zisizoweza tena kupita shingoni kwenda chini zinazungukia nje, kwa waya. Basi bega la kulia likipanda, mkono wa chuma unapanda kuja mdomoni. Likishuka, unarudi. Kwa kufumba vidole walianza na meno: aume, vidole vifumbe. Ilikuwa vizuri mpaka alipojaribu kutafuna karanga, vidole vikawa vinafumba na kufumbua kama mtu anayekamua ng'ombe. Tulicheka, naye binti akacheka, akahamishia kibandiko juu ya jicho. Sasa akipandisha nyusi vidole vinafumba, akipandisha tena vinafumbua.

Mimi nilijua hapo hapo kitakachotokea, nikanyamaza.

Siku ya pili mtendaji wa kata akaja kuona hayo maajabu, amevaa tai. Akainama. "Shikamoo Bwana Shamba." Nyusi zikapanda. Vidole vya chuma vikamkamata tai.

"Niachie, Bwana Shamba."

"Sijakushika mimi."

"Umenishika."

"Nimekuitikia tu. Ondoka polepole, na usinisalimie tena."

Kuanzia hapo binti akatangaza kwamba mashine ikiwaka asisalimiwe. Kwetu huku ungeweza kutangaza watu wasipumue ikawa rahisi zaidi. Bibi mmoja alikataa katakata, alisema hawezi kupita mbele ya mtu mzima kama anapita mbele ya mbuzi, mashine na ijifunze adabu. Bwana Shamba mwenyewe alishinda akijizoeza kuitika kwa mdomo na kuziacha nyusi chini, jasho linamtoka, vibandiko vinabanduka, binti anavipangusa na kuvibandika upya. Vumbi la kwetu lilimsumbua, umeme ulimsumbua, betri iliisha mkono ukiwa umesimama hewani. Hakukata tamaa. Wala Bwana Shamba. Nilimwona akipandisha bega, anashusha, anapandisha, uso umekaza kama siku zile anaponyoosha waya wa mizabibu, nami nimekaa kwenye kigoda na sahani yangu ya ugali inapoa, kwa sababu alisema, "Subiri, Mgogo, bado najifunza."

Bado najifunza. Nilirudi nyumbani nimekasirika bila kujua nimekasirikia nini.

Mkono huo ulikuwa umefungwa upande wa kushoto wa kiti. Ilibidi. Bega lenye uhai lilikuwa la kulia, na mashine ikikaa karibu na vibandiko inavisumbua, kama redio mbili zilizowekwa pamoja. Binti aliujaribu upande wa kulia, mkono ukawa unarukaruka wenyewe. Akauhamishia kushoto, ukatulia. Hakuna aliyeliwaza zaidi ya hapo. Kwa binti kilikuwa chuma kilichofungwa mahali panapofaa.

Ikafika siku ya kula. Mkewe hakwenda sokoni siku hiyo. Alipika wali, maana ugali kwa kijiko ni vita, akauweka kwenye bakuli zito. Majirani wakajaa uani. Bwana Shamba alivalishwa kanzu. Mkono ukashuka kwenye kijiko, nyusi zikapanda, vidole vikafumba. Ukachota. Bega likapanda kidogo kidogo, na kijiko kikaja, kinatetemeka, punje zinadondoka, watu wote tumefungua midomo bila kujijua kama tunaolisha mtoto. Mkewe alikuwa ameshika kanga mdomoni. Kijiko kilikuwa kimebaki na safari ya kiganja kimoja.

Nikasema, "Ila ni kushoto."

Sikusema kwa kelele. Nilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kofia aliyoisahau. Kwetu, Mkristo na Mwislamu na yule wa mizimu, hakuna anayekula kwa mkono wa kushoto. Mtoto akijaribu anapigwa kikofi. Mkono ule una kazi yake nyingine, na ni huyu Bwana Shamba aliyetuimbia miaka yote, kushoto shika. Nilikuwa nimesema neno la kweli na la adabu. Hata sasa mtu akinishtaki nalo naweza kujitetea mbele ya wazee na wakaniunga mkono.

Bega likashuka. Mkono ukarudi. Nyusi zikapanda, kijiko kikaanguka kwenye bakuli. Watu wakatazama chini, na nikaona wote wamekwishaona, jambo ambalo dakika moja kabla hakuna aliyekuwa analiona.

"Babu," binti alisema, "ni mashine tu. Haina kulia wala kushoto."

"Upo upande gani?" Bwana Shamba akamuuliza.

Binti akautazama mkono pale alipoufunga.

"Basi," alisema. Kisha akaniita. "Mgogo. Njoo, wali unapoa."

Nikanawa mikono nikamlisha. Na hapa sifichi: tonge la kwanza lilipoingia mdomoni mwake nilisikia raha. Raha kabisa, kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe. Aibu ilikuja baadaye, usiku ule haikuja, ilikawia kama mimi.

Shehe alikuja wiki hiyo, mtu mpole wa kutoka Kondoa vilevile. Alimwambia mwenye udhuru hana lawama, ale kwa mkono wowote, ale kwa mguu, Mungu hamtegei mja wake. Nilikuwepo. Bwana Shamba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa Mungu sina wasiwasi, shehe," alisema. "Yeye ananijua. Wasiwasi wangu ni hawa wanaonitazama. Nimewafundisha miaka yote mkono wa kushoto ni wa kushika. Sasa wakae uani waniangalie nikila kwa kushoto, na kila anayeniangalia analisikia lile neno masikioni. Siwezi. Nimebakiwa na uso tu."

Hakunitazama aliposema lile neno. Ingekuwa afadhali anitazame.

Mkono wa chuma hakuuacha, aliutumia kwa mengine. Ulimshikia tasbihi. Ulimfukuzia nzi. Akiwa shambani aliutumia kushika tawi, kushoto shika, na mimi nikawa kulia kata, tukapogolea hivyo msimu baada ya msimu kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili, na aliniita punda sana. Alifurahi. Mtu angetuona angesema ni wazee wawili wenye bahati. Lakini mchana ukifika mkono ulishushwa kwenye kiti, ukafunikwa kanga, nami nikanawa mikono.

Sasa mikono yangu. Ulianza ule wa kulia, kutetemeka. Kwanza asubuhi tu, baadaye siku nzima. Zahanati walinipa vidonge na kuniambia ni uzee. Tonge likawa linafika shavuni badala ya mdomoni. Bwana Shamba, aliyekuwa halali bila kulalamikia tonge, akaacha kulalamika. Alifuata tonge kwa shingo yake, huku na huku, kama ndege. Ndiyo nikajua mambo ni mabaya.

Siku moja nilimpelekea uji. Kikombe kilitikisika, ukamwagika mapajani, nikapangusa haraka juu ya shuka, nikamuuliza, "Umekuunguza?" Swali la kipumbavu, kwa kuwa hasikii. Akasema, "Uji wenyewe ulikuwa wa baridi." Ulikuwa unatoka moshi. Nilitaka kuamini, nikaamini. Jioni mkewe akamvua shuka akakuta paja limejaa malengelenge.

Alinieleza yule mama kesho yake, mlangoni, bila kupandisha sauti. "Nilimuuliza nani amekumwagia. Unajua alinijibu nini, shemeji? Alisema, nimejimwagia."

Nimejimwagia. Mtu asiyeweza kusogeza kikombe kwa unene wa kucha. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema uongo, na ule alioamua kuusema, aliusema mbovu namna ile, kwa ajili yangu. Mkewe aliniangalia, nami nikaangalia mizabibu. Tulielewana kwamba mkono wangu hauwezi tena, na kwamba mkono mwingine upo, umefunikwa kanga, kwa sababu yangu.

Hata hapo sikusema kitu. Nilikwenda siku zilizofuata nikamlisha kwa kuegemeza kiwiko kwenye goti. Nilikuwa naandaa maneno njiani, na nikifika ananiambia nimechelewa, maneno yanapotea. Ningesema nini? Kwamba kushoto si kushoto? Angenicheka. Neno likishakaa masikioni mwa watu, ulilete neno gani jingine la kulitoa?

Kisha binti akaja kuuchukua mkono.

Alisema kwa unyenyekevu kabisa. Kuna mtu mwingine anausubiri, kijana, na mwalimu wake ameuliza kama babu anautumia kula, maana ndiyo shabaha ya kazi yenyewe, na yeye asingeweza kusema uongo. Ilikuwa siku ya Ijumaa, mchana, Bwana Shamba amevaa kanzu. Majirani wachache walikuja kuuaga, watu wetu huaga hata kitanda. Mkewe alikuwa amepika wali kwa ajili ya binti na Bwana Shamba, na ugali kwa ajili yetu wengine. Bakuli la wali la Bwana Shamba lilikuwa mbele yake kwenye ubao wa kiti, linanisubiri mimi.

"Tuujaribu mara ya mwisho tu, babu?" binti alimuuliza. "Nichukue vipimo."

"Chukua vipimo vyako."

Akabandika vibandiko, begani na juu ya jicho. Taa ndogo ikawaka kijani. Mkono ukapandishwa, ukashushwa. Kijiko kilikuwa kando ya bakuli. Kila mtu alikitazama na kujifanya hakitazami.

Nikaomba maji ya kunawa. Mkewe akaniletea birika na beseni. Nikanyoosha mkono wa kushoto peke yake.

Alisita. Kisha akamimina.

Nikakaa kwenye kigoda changu, mbele ya Bwana Shamba, mbele ya wote, nikavuta sahani ya ugali, nikamega kwa mkono wa kushoto. Mkono ule haujui kazi hiyo. Tonge lilitoka bovu kama la mtoto. Nikalichovya kwenye mlenda, nikalipeleka mdomoni, uzi wa mlenda ukanilalia kwenye ndevu. Nikatafuna. Jirani mmoja akasema "Mh," basi. Upepo ulisikika kwenye nyaya za mizabibu. Mimi mzee mzima, mzee wa kanisa, sijawahi kusikia uso wangu ukiwaka moto kama vile. Nikamega la pili.

"Mgogo," alisema. "Unafanya nini?"

"Nakula."

"Kwa mkono gani?"

"Ule mwingine umechoka. Wewe unajua."

"Watakucheka."

"Wameanza."

Hakuna aliyekuwa anacheka. Aliniangalia muda mrefu, kama alivyokuwa akiitazama ile glasi kwenye jua, kutafuta ilichumwa lini. Nilidhani ataniambia neno, nikataka aniambie, lolote. Nikameza tonge.

"Wali wako unapoa," nikasema. "Utakula?"

Nyusi zikapanda. Zote mbili, mpaka kwenye kofia. Na kule kushoto vidole vya chuma vikafumba juu ya kijiko.

Sijui kama alikuwa ananijibu mimi au anauamuru mkono. Bega likapanda. Kijiko kikaja, kinatetemeka, punje zinadondoka kwenye kanzu. Safari hii hakuna aliyefungua mdomo ila yeye. Alikula. Alitafuna polepole, macho mbele. Binti aligeukia ukuta akajifanya anapanga nyaya. Mke wake alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, na birika mkononi.

Binti hakuuchukua mkono siku ile. Bwana Shamba alikula mwenyewe kila mchana mpaka mavuno, msimu mmoja huo, halafu kifua kikamchukua, tukamzika. Kabla ya hapo kuna misimu yote ile ambayo angekula mwenyewe na hakula, nami najua nani aliyeikata. Watu wanaponisifu bado, wapo, nageuza mazungumzo kwenye mvua.

Lakini nilikuwa nimefika kwenye ule wali. Alimeza kijiko cha kwanza, akashusha bega, mkono ukarudi bakulini ukaachia kijiko. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, ugali kwenye vidole vya kushoto, wa kulia unatetemeka juu ya goti bila kazi.

"Umechelewa," akaniambia.

Nikasubiri amalizie. Alikuwa ameshapandisha nyusi, anafuata kijiko cha pili.